Mwigizaji wa sinema na redio inayohamahama: je, binti yangu alidanganywa?

*"Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Lindi mjini. Binti yangu yuko kidato cha pili, anapenda fizikia na anapenda maigizo, vyote kwa pamoja. Klabu ya sayansi ya shuleni kwao imempa dakika kumi azungumzie mvumbuzi mmoja. Akamchagua Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema za zamani, kwa sababu aliona kwenye simu picha yake na maneno kwamba huyu ndiye aliyegundua Wi-Fi. Aliandaa hotuba wiki nzima. Juzi akatusomea nyumbani. Mjomba wake, ambaye amesoma na tunamheshimu, akamkatiza: huo ni uzushi wa mitandaoni, mwanamke wa kujiremba kwenye sinema hajui hata soketi. Mwingine akaongeza kwamba kama kuna siri yoyote, aliiiba kwa mumewe aliyekuwa anauza silaha. Mtoto akachana karatasi zake. Tangu siku hiyo hagusi daftari la fizikia, anasema sayansi si ya watu kama yeye. Naomba unieleze ukweli ni upi, nimwambie nini, na je, nimwache tu ahamie masomo ya sanaa? Nisamehe kwa swali refu."*

Marahaba, mwanangu. Usiombe msamaha. Nimelisoma swali lako mara tatu, na naona ni maswali mawili umeyafunga kwenye pindo moja la kanga. La kwanza ni la historia na ufundi: mama huyu wa sinema alifanya nini hasa? La pili ndilo linalokunyima usingizi: mtoto aliyekuwa na hamu ya jambo amevunjwa moyo mbele ya watu, na hujui umrudishe kwa njia gani. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa ya la pili imo humo.

Kwa ufupi, Hedy Lamarr hakubuni Wi-Fi. Hapo mjukuu wangu amepotoshwa na ile picha ya kwenye simu. Lakini mjomba naye amekosea, na kosa lake ni kubwa kuliko la mtoto. Mwigizaji huyo, akishirikiana na mtunzi mmoja wa muziki, kweli alibuni njia ya kuficha mawasiliano ya redio, na serikali ya Marekani ikawapa hataza yake, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, tarehe 11 Agosti 1942. Hataza hiyo ni namba 2,292,387. Ni karatasi ya wazi, yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua na kuona michoro. Ukiitafuta kwa jina la Lamarr utashangaa kutoliona, kwa maana aliiandikisha kwa jina lake la ndoa ya wakati ule: Hedy Kiesler Markey.

Mimi nimefanya kazi na redio za mawasiliano zaidi ya nusu ya umri wangu, za melini na za nchi kavu, na sasa nafundisha vijana wachache ufundi huo nyumbani hapa Mtwara. Sura ya mama huyu niliijua kabla ya kazi yake. Nilikuwa kijana, misheni wakatundika shuka jeupe uwanjani usiku wakatuonyesha filamu ya Samsoni na Delila, ile ya mwaka 1949. Uwanja mzima ulinyamaza Delila alipotokea. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua kwamba mwanamke yule niliyemjua kama Delila alikuwa amewahi kukaa chini kufikiria tatizo lile lile lililokuwa likinitesa mimi kazini: utafanyaje ili ujumbe wa redio ufike wakati kuna mtu anauvuruga makusudi. Kwa hiyo nakujibu kama mtu mwenye deni kwake.

Alizaliwa Vienna, nchini Austria, tarehe 9 Novemba 1914, akaitwa Hedwig Eva Maria Kiesler. Baba yake alikuwa mtu wa benki, mama yake mpiga kinanda. Alisimulia mwenyewe kwamba baba alikuwa akitembea naye mjini akimweleza jinsi mashine wanazozipita zinavyofanya kazi. Liweke akilini hilo, nitalirudia. Aliingia kwenye sinema akiwa binti mdogo. Mwaka 1933 akaolewa na Fritz Mandl, tajiri mwenye kiwanda cha risasi na silaha, ambaye alimfungia nyumbani kama pambo la sebuleni. Mwaka 1937 akatoroka. Hadithi za namna alivyotoroka ziko nyingi, kuna ya kuvaa nguo za mtumishi, kuna ya kushona vito kwenye koti. Mtoto asijisumbue nazo. London akakutana na Louis B. Mayer, bosi wa studio ya MGM. Akayakataa malipo ya kwanza aliyotajiwa, kisha akapanda meli ile ile aliyopanda Mayer, na walipofika New York alikuwa na mkataba mnono zaidi na jina jipya: Lamarr. Studio ikamtangaza kuwa mwanamke mzuri kuliko wote duniani.

Tangazo hilo ndilo lililomfuata hadi sebuleni kwako. Studio za Hollywood za miaka ile zilitengeneza nyota kama viwanda vinavyotengeneza bidhaa: jina linabadilishwa, taa inapangwa ianguke juu ya shavu kwa pembe fulani, nywele zinagawanywa katikati, na kazi ya mwanamke ni kusimama atazamwe. Aliyeona picha tu aliona walichotaka aone. Mjomba aliona urembo akahitimisha kwamba ndani hamna kitu. Na aliyeandika yale maneno kwenye simu naye aliona urembo, akadhani bila kuyatia chumvi hakuna atakayeyasoma.

Sasa hilo la kuiba kwa mume. Ni kweli alikaa meza moja ya chakula na wanunuzi wa silaha, na watu wa aina hiyo hawazungumzii hali ya hewa. Ni jambo la kukubalika kabisa kwamba hapo ndipo aliposikia habari za topido, yaani makombora yanayokimbia chini ya maji, na ugumu wa kuyaongoza. Lakini kusikia tatizo ni jambo moja na kulijibu ni jingine. Mimi nimesikia mabaharia wakilalamikia redio zao maisha yangu yote. Malalamiko hayo hayajawahi kujitengeneza yenyewe. Na hataza yenyewe ina kiungo ambacho hakikutoka kwa Mandl, kwa sababu kilitoka kwenye muziki, na kilikuja na mtu aliyekutana naye Hollywood mwaka 1940.

Mtu huyo ni George Antheil, Mmarekani, mtunzi wa muziki. Miaka ya 1920 huko Paris aliandika muziki wa vinanda vinavyojipiga vyenyewe. Kinanda cha namna hiyo kina karatasi ndefu iliyoviringishwa, imetobolewa matundu. Karatasi inapopita, kila tundu linaamuru kitufe fulani kipigwe. Antheil alitaka vinanda vingi vya aina hiyo viende pamoja bila kupishana hata nukta, na akahangaika mno, kwa sababu mashine mbili kwenda kwa mwendo mmoja ni jambo gumu. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuliumiza kichwa tatizo la kuoanisha mashine, miaka mingi kabla hajakutana na Lamarr.

Nini kiliwasukuma? Vita. Tarehe 17 Septemba 1940 nyambizi ya Ujerumani iliizamisha meli City of Benares katika Atlantiki. Ilikuwa na watoto 90 wa Uingereza waliokuwa wakipelekwa Kanada kukimbizwa mabomu. Watoto 77 walikufa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa habari ya namna hiyo inavyoingia moyoni. Lamarr, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa bado upande ule wa bahari, alitaka kufanya zaidi ya kuchekea kamera.

Naomba hapa unisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo binti yako anapaswa kusimama imara.

Chukua redio yako ndogo ya betri. Unasikiliza mechi ya Namungo. Mtangazaji yuko kwenye masafa fulani, nawe umezungusha swichi mpaka masafa hayo hayo. Sasa jirani mwenye chuki ana mtambo wa kurusha kelele. Akishajua masafa uliyopo, anarusha kelele hapo hapo, na mechi imekwisha kwako. Topido inayoongozwa kwa redio ilikuwa na udhaifu huo. Meli inatuma amri "kata kushoto", adui akiyapata masafa anayajaza kelele, na kombora linapotea.

Wazo la Lamarr lilikuwa hili: kwa nini tukae mahali pamoja? Mrushaji na mpokeaji wahame. Wawe hapa kwa muda mfupi, kisha pale, kisha kule, kwa mpangilio wanaoujua wao wawili tu. Adui akifika hapa, wao wameshaondoka. Kelele zake zitaharibu kipande kidogo tu cha ujumbe, na akitaka kusikiliza atapata vipande visivyo na kichwa wala miguu.

Ugumu wake ni kwamba wote wawili lazima wahame kwa wakati mmoja kabisa, la sivyo hata wao watapotezana. Ndipo karatasi ya Antheil ilipoingia. Weka karatasi yenye matundu melini, weka nyingine yenye matundu yale yale ndani ya topido, zianze kuviringika pamoja kwa mwendo mmoja. Tundu linapopita, badala ya kupiga kitufe cha kinanda, linabadilisha masafa. Kinanda kina vitufe 88, na hataza inataja kwamba karatasi ya kawaida ya kinanda yenye safu 88 inaweza kutoa masafa 88 tofauti. Wakaongeza na hila: mrushaji awe pia na masafa ya kudanganyia, ambayo mpokeaji wake hana habari nayo, ili adui apoteze muda kuyafuata. Mhandisi wa umeme kutoka chuo cha Caltech aliwasaidia kulipanga jambo upande wa umeme, na maombi yakapelekwa tarehe 10 Juni 1941.

Binti yako anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila mtambo wowote, na ningekuwa yeye ningeanza na hilo. Apange viti vitano, vyenye namba 1 hadi 5. Mwanafunzi mmoja awe mtumaji, mmoja mpokeaji, na mmoja adui mwenye sufuria na mwiko. Ujumbe uwe na maneno kumi. Mara ya kwanza mtumaji na mpokeaji wakae kiti namba 3 kwa maneno yote kumi. Adui atasimama hapo apige sufuria, na hakuna neno litakalofika. Mara ya pili wapewe karatasi mbili zenye mpangilio mmoja wa siri, labda 4, 1, 5, 2, 3, 1, 4, 3, 5, 2, na mwalimu apige kofi kila neno linapobadilika. Adui abaki kwenye kiti anachotaka. Atayaharibu maneno mawili tu kati ya kumi. Yanayobaki manane, mtu mwenye akili ataukisia ujumbe wote. Mara ya tatu makofi yasipigwe, kila mmoja aende kwa mwendo wake, uone jinsi wanavyopotezana hata bila adui. Hapo darasa zima litakuwa limeelewa hataza namba 2,292,387, pamoja na kwa nini kinanda kilihitajika.

Je, jeshi la majini la Marekani liliutumia mtambo huo vitani? Hapana, na mtoto alisemee hilo wazi. Waliuweka kabatini. Antheil baadaye aliandika kwa uchungu kwamba walifanya kosa kuufananisha na kinanda, maana wakubwa waliposoma neno hilo walidhani wanaambiwa watie kinanda kizima ndani ya topido. Mimi nadhani, na hapa ni maoni yangu kama fundi, kwamba jeshi halikuwa na ubaya wote. Kuziweka karatasi mbili katika mwendo mmoja kabisa, moja melini na nyingine ndani ya kombora linalotikiswa na mawimbi, ni kazi ngumu. Na topido za Marekani za wakati huo zilikuwa na matatizo ya msingi zaidi: nyingi zilipita chini mno, au zililigonga lengo zisilipuke. Lamarr akazungushwa nchi nzima kuuza dhamana za vita, yaani hati za kuikopesha serikali fedha za vita, sura yake ikatumika, wazo lake likalala. Hataza ikaisha muda mwaka 1959, hawakupata hata senti moja kutokana nayo.

Wakati huo huo ulimwengu wa redio ulikuwa ukisonga. Vifaa vya kielektroniki viliziondoa karatasi na matundu, na mbinu ya kuhamahama masafa ikawa jambo la kawaida katika mawasiliano ya kijeshi. Kisha mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu kutumia sehemu fulani za masafa bila leseni, mradi watumie mbinu za kutandaza mawimbi yao yasibanane. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa vifaa tunavyovishika leo.

Sasa tulipange vizuri jambo la Wi-Fi, kwa sababu mjomba ataliuliza tena. Kanuni za kwanza za Wi-Fi, za mwaka 1997, zilikuwa na njia kadhaa za kurusha mawimbi, na mojawapo ilikuwa ni kuhamahama masafa. Njia hiyo iliachwa haraka. Wi-Fi ya leo inagawanya data kwenye mawimbi mengi membamba yanayokwenda sambamba, na hilo ni wazo la ukoo mwingine. GPS, ule mfumo wa kujua mahali ulipo kwa setilaiti, pia mara nyingi hutajwa pamoja na jina lake. Yenyewe hutumia mbinu nyingine, ya kuufunika ujumbe kwa msimbo mrefu. Ndugu wa karibu kabisa wa wazo la Lamarr ni Bluetooth. Ile spika ambayo kijana wa bodaboda ameifunga kwenye usukani pale stendi, simu yake inaongea nayo kwa kuhama masafa mara 1,600 kwa sekunde, ndani ya chaneli 79. Ndiyo maana spika kumi zinaweza kulia mtaa mmoja bila kuingiliana. Kinanda cha Antheil kisingeweza hata kuota kasi hiyo, lakini ukimweleza Lamarr kinachotokea angekuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Hata hivyo Bluetooth haikutengenezwa kwa kunakili hataza yake, na yeye hakuwa wa kwanza kufikiria kuhama masafa. Nikola Tesla alipata hataza mwaka 1903 zinazotumia masafa zaidi ya moja ili ujumbe usivurugwe. Mholanzi mmoja alipewa hataza ya kuhama masafa kwa siri mwaka 1932. Sisi huku tuna picha nzuri ya jambo hili kuliko watu wengi. Mpeleke mtoto akaangalie kinyago cha Wamakonde kile kinachoitwa ujamaa, watu wamebebana juu chini kwenye gogo moja la mpingo. Huwezi kumtoa mmoja ukasema huyu ndiye kinyago, na ukimtoa yeyote kinabaki tundu. Lamarr na Antheil wamo kwenye gogo hilo. Hawako kileleni pekee yao kama picha za simu zinavyosema, na hawako nje ya gogo kama mjomba anavyosema.

Heshima ilikuja, lakini kwa kuchelewa sana. Mwaka 1997 shirika la kutetea haki za watu kwenye mitandao, Electronic Frontier Foundation, liliwapa tuzo yeye na Antheil, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1959. Lamarr hakwenda kuipokea. Alikuwa mzee, akiishi Florida, hapendi kuonekana baada ya uso wake kubadilika, na mwanawe akaenda badala yake. Alifariki tarehe 19 Januari 2000 akiwa na miaka 85. Mwaka 2014 wote wawili wakaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa wavumbuzi wa Marekani. Katikati ya hapo kuna ndoa sita zilizovunjika, kesi, na miaka ya upweke. Sitayachimba hayo. Dakika kumi za mtoto hazihitaji hayo.

Tahadhari moja ya mama kwa mama, ingawa mimi ni babu: usimwachie simu atafute mwenyewe video za mwigizaji huyu. Filamu yake moja ya Ulaya ya mwaka 1933, aliyoigiza akiwa bado binti mdogo, ina picha za utupu, na ndiyo inayotokea haraka. Kaa naye mtafute pamoja.

Basi umwambie nini? Naziona njia tatu. Ya kwanza ni kubadilisha mvumbuzi, achukue mtu ambaye hakuna atakayebishana naye. Ni salama, lakini atabaki akiamini kwamba ukipingwa unakimbia, kwa hiyo siishauri. Ya pili ni kuisoma hotuba kama ilivyokuwa, kwa ushindani. Siishauri pia, kwa sababu ile sentensi ya Wi-Fi si kweli, na mwalimu yeyote makini ataing'oa. Ya tatu ni kuandika upya, na kubadilisha sentensi moja tu kwa ukweli wake wote. Badala ya "aligundua Wi-Fi", aseme: "Mwaka 1941 aliomba hataza ya redio inayohama masafa ili isivurugwe, jeshi halikuitumia wakati huo, lakini wazo la aina hiyo leo linafanya kazi ndani ya Bluetooth." Kisha akifika hapo aseme mbele ya wote kwamba mwanzo alikuwa amelikosea, na aeleze alivyosahihisha. Nimekaa na mafundi wengi. Anayesema "nilikosea, nimepima tena" ndiye ninayempa redio ya meli aishike.

Na mjomba? Usimwaibishe. Mtoto amwendee na karatasi ya hataza mkononi, amsalimie vizuri, amwambie: "Mjomba, ulikuwa sahihi kuhusu Wi-Fi. Naomba unisaidie kusoma mchoro huu." Mtu aliyesoma akiombwa hivyo na mtoto hawezi kukataa, na mkikaa wote watatu juu ya mchoro ule, lile neno la soketi litakuwa halina pa kukaa. Wewe ndiye utakayeongea naye pembeni, mkiwa wawili, kwamba maneno yake yalimuumiza binti. Asipoambiwa hatajua.

Kuhusu masomo, nakusihi usiamue mwezi huu. Uamuzi uliofanywa kwa machozi huwa si wa somo, ni wa aibu. Mpe nafasi afanye hotuba kwanza. Kisha muulize anachokipenda, na usikilize kama atataja fizikia bila kuulizwa. Nikuambie ukweli pande zote mbili: akiacha sayansi kidato cha tatu, kuirudia baadaye ni shida kubwa, milango ya uhandisi na mawasiliano inafungwa mapema. Lakini akiibakiza sayansi, maigizo hayamtoroki. Klabu ya maigizo ipo, na akimaliza shule bado chuo cha sanaa pale Bagamoyo, TaSUBa, kitakuwa palepale. Ndiyo sababu, nikilazimishwa, ningemshauri abaki na fizikia sasa na kuigiza jioni. Hata hivyo kama atakapotulia bado anataka sanaa kwa furaha, si kwa kukimbia, mruhusu na umuunge mkono kwa moyo mmoja. Kazi ya jukwaani ni kazi.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyafanya. Nenda shuleni umwone mwalimu wa fizikia ana kwa ana, mweleze yaliyotokea, umwombe akae na mtoto nusu saa kabla ya siku ya hotuba. Pia mpeleke siku moja kwenye karakana ya VETA hapo Lindi, aone vijana wanavyofungua vifaa vya umeme, wakiwamo wasichana. Na uwe macho: ikiwa wiki mbili zitapita bado halali vizuri, hali chakula, anajitenga na rafiki zake au anatamka maneno ya kujidharau, jambo limeshavuka hotuba. Usisubiri matokeo ya mtihani. Zungumza na mwalimu wa malezi, na umpeleke hospitali ya mkoa, Sokoine, aonwe na mtu wa afya ya akili. Akisema neno lolote la kutaka kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo.

Nilisema nitarudia habari ya baba yake Lamarr. Hakuwa mhandisi, alikuwa mtu wa benki, na alimweleza mtoto mashine kwa kutembea naye tu. Wewe pia huhitaji shahada. Jumamosi mkienda sokoni, simama naye kwa fundi simu, muulize fundi kwa nini spika inaendelea kulia hata simu ikiwa chumba kingine, na inakata ukifika barabarani. Muache mtoto aulize swali la pili.

Hukuuliza, lakini najua atakuuliza: picha gani abandike ubaoni? Abandike mbili, zenye ukubwa sawa. Ya kwanza ni ile ya sinema aliyoipenda, maana hakukosea kuupenda uzuri wake. Pembeni yake aweke ukurasa wa kwanza wa michoro ya hataza, na chini yake aandike majina mawili jinsi yalivyo kwenye karatasi hiyo: Hedy Kiesler Markey na George Antheil.